Pimamaji

Kazi yangu ni kutundika. Miaka ishirini na miwili
natundika picha katika jumba hili la Deventer:
nyundo, misumari, na pimamaji
yenye kipovu cha kijani kisichojua uongo.

Jumanne waliniletea sahani yenye samaki wa chumvi
na limau lililomenywa nusu, ganda likining'inia
ukingoni mwa meza. Picha ndogo, hata kwapani ingeenea.
Mgongoni ina mihuri kama paspoti:
namba ya ghala, chaki ya buluu, mnada wa Graz,
na karatasi isemayo ILINUNULIWA.
Chini yake saini ya Hartog Wijnschenk,
muuza vifungo,
herufi zikipepesuka kama mtu aliyesukumwa ngazini.

Ilinunuliwa. Kwa nini, kalamu haikusema.
Ikakaa kwa wakili mmoja, kwa mwanawe, kwa mjukuu;
wageni wakaisifu, supu zikapoa mbele yake,
asiwepo wa kuuliza limau ni la nani.

Bibi Sientje alikuja kabla milango haijafunguliwa.
Miaka tisini na mmoja, koti la mvua, mkoba mtupu.
Mkurugenzi alikuwa na hotuba. Bibi akamwambia, ngoja.

"Baba alisema tutaondoka mezani
limau likiisha kumenywa.
Kaka yangu Levie alilikodolea macho kila Ijumaa jioni,
akiapa ganda limesogea.
Walipogonga mlango tukaondoka mezani,
nalo bado liko vile vile."

Nje baiskeli zilipita.
Akasogea karibu, karibu mno,
akasema, si hivi.
"Kwetu ilikaa upande. Msumari ulikuwa mbovu,
mama alichoka kuinyoosha."
Na kwa kidole kimoja akaishusha kona ya kushoto.

Kengele ikalia jumba zima. Mlinzi akaja mbio,
mkurugenzi akainua mikono.
Bibi alikuwa akicheka, akicheka na mtu
ambaye mimi sikumwona.

Usiku nikatumwa niinyooshe.
Nikapanda ngazi, nikaweka pimamaji juu ya fremu.
Kipovu kikakimbilia kulia, kikatulia huko.
Nilikitazama kitambo.
Halafu nikakunja ngazi, nikazima taa.
Kesho wakiniuliza nitawajibu
imekaa sawa.