Mstari wa Themanini na Saba

Usiku ule umeme ulikatika Bukavu nzima,
kuanzia Kadutu hadi Nguba, ziwa likafutika,
nikabaki na betri ya saa moja na kosa moja:
programu yetu ya risiti za wauza sambaza
ilikuwa ikigeuza dola kuwa faranga mara mbili.
Mama Nabintu, mwenye beseni moja la samaki,
alikuwa anadaiwa bei ya meli.

Nikafuta neno moja, mstari wa themanini na saba.
Nikatia muhuri kwenye tawi langu, nikalala.

Sikujua kwamba Cibalonza, kule Panzi,
kwa mshumaa na chaji ya kukopa,
alikuwa mbele ya mstari uleule,
kidole juu ya neno lilelile.

Alfajiri shaka ikaja pamoja na chai.
Labda mimi ndiye niliyekosea.
Nikalirudisha neno mahali pake.

Sasa, mashine hii naijua.
Wawili wakitenda jambo moja, haigombi:
mstari unabaki mmoja,
kitabuni mihuri miwili.
Si kama kwetu. Mimi na kaka yangu Murhula
tulinunua makala siku moja bila kuambizana;
magunia mawili yakaziba mlango,
na ugomvi ukawaka kabla ya makala.

Lakini asubuhi ile, matawi yalipoungana,
mashine ilitazama kwanza shina, tulikoachana.
Ikatazama kwangu: neno lipo, kama shinani.
*Huyu hakugusa kitu.*
Ikatazama kwa Cibalonza: neno halipo.
*Huyu ndiye aliyebadilisha.*
Ikamfuata yeye, kimya, bila kuniuliza.

Kwenda kwangu na kurudi kwangu,
ule usiku mzima na majuto yake,
kwa mashine ni mtu aliyekaa kitako.

Saa nne Mama Nabintu alilipa deni lake halali,
akahesabu chenji mara tatu,
akakataa noti ya dola iliyochanika pembeni.

Nami nikafungua kitabu cha mabadiliko.
Jina langu limo mara mbili, kutenda na kutendua.
La Cibalonza mara moja tu,
na lake ndilo lililosimama.

Nikampigia: "Unajua tulifuta neno lilelile?"
Akacheka hadi mtandao ukakatika.
Uliporudi alikuwa katikati ya sentensi:
"…basi siku nyingine, ukishatia muhuri, lala."