Mwanga Kiasi Gani

Kwenye kitabu chao mimi ni Shahidi wa Tatu,
ukurasa wa arobaini na moja.
Somoe Chande, muuza mihogo ya kukaanga, Kigogo,
huyo amebaki getini pamoja na simu yangu.

Majaji watatu. Feni moja inazunguka, moja imegoma.
Honi ya pantoni inalia huko Kivukoni,
wakili anangoja iishe ndipo aseme:
"Waheshimiwa, tatizo ni taa."

Taa yangu.
Chemli ya bluu, kioo nilikiunga kwa plasta,
nimeinunua Ilala kwa pesa ya upatu.
Leo wanaipokezana ingawa haipo, imeshaliwa na kutu.
Ilikuwa juu ya meza au chini?
Utambi umepandishwa, umeshushwa?
Hatua ngapi toka karai la mafuta
hadi mtaroni alipoangukia Mrisho, fundi redio?

"Nilimtambua," nilisema mwaka ule, Mahakama Kuu,
jaji akainama akaniandika kwa Kiingereza.
Neno langu liliondoka na kanga,
limerudi limevaa tai.
Nililiangalia, likanipita.

Hakuna aliyeniuliza habari ya mafuta.
Wa Serikali aliuliza: taa ilikuwepo? Ilikuwepo.
Wa utetezi aliuliza: umeolewa?
Nikajibu nilichoulizwa.
Mgeni wa mahakama hali mpaka apakuliwe.

Mgawo wa umeme siku ya nne,
mafuta ya taa robo chupa, bei imeruka.
Nikaushusha utambi ukawa kama ukucha wa mtoto.
Shati nililiona.
Niliona mwendo, bega moja linatangulia,
ndivyo atembeavyo Shukuru Likwepa,
ndivyo watembeavyo nusu ya wabeba mizigo wa kwetu.
Sauti? Karai lilikuwa linachemka.
Uso niliujazia mwenyewe,
asubuhi, bombani, foleni nzima ilipokuwa inalitaja jina lake.

Miaka tisa. Mitano kati ya hiyo
kwenye chumba cha wanaongojea kamba.
Yupo pale, kandambili zimemzidi miguu,
anaitazama ile feni iliyogoma.
Mimi hajanitazama.
Na ubavuni kwangu mama yake Mrisho
kanishika mkono, anauminya kila lisemwapo neno "taa",
kama mtu anayembana kuku asiruke.

Siku ya hukumu majaji hawakuja.
Alikuja Msajili, akasoma bila kupumzika:
haitoshi shahidi kusema palikuwa na taa,
alipaswa kueleza mwanga ulikuwa kiasi gani.
Hatia imebatilishwa. Adhabu imefutwa.
Aachiwe mara moja,
isipokuwa kama anashikiliwa kwa jambo jingine halali.

Ufunguo wa pingu ulikwama kidogo.
Shukuru akaitazama mikono yake kama ya kuazima,
akauliza, wala hakuna aliyemlenga:
"Stesheni ni upande gani siku hizi?"
Nilitaka kumwonyesha.
Kidole changu kilikataa. Kilishawahi kumwonyesha mara moja.

Mama yake Mrisho aliuachia mkono wangu
kidole baada ya kidole.
"Sasa nani, Somoe? Wewe uliona. Sasa nani?"

Nilikuwa na jibu la swali jingine,
lile la kiasi gani.
Lilinikaa kooni kutoka Kivukoni mpaka Kigogo
kama mwiba wa perege.

Siku hizi nakaangia chini ya taa ya umeme,
nyeupe, hadi chumvi naiona punje kwa punje.
Jana usiku kijana alisimama ng'ambo ya mtaro:
"Mama, ya mia tano, na pilipili."
Nikashika mwiko hewani, namtazama.
Mafuta yakaanza kuungua.
"Vipi, mama," akacheka, "unanifahamu?"
Nikamwambia sogea.
Sogea kwanza huku kwenye mwanga.