Maharage Sabini na Mawili

Karanga ni marufuku shuleni, kuna mtoto zinamvimbisha koo,
kwa hiyo nilibeba maharage, yale mekundu ya jikoni kwangu,
kumi kwa kila mtoto, darasa la nne,
Thunder Bay, Februari, vioo vya madirisha vimeota manyoya ya barafu.

"Huu ndio mshahara wenu," niliwaambia. "Hesabuni."
Wakahesabu. Mtu hachoki kuhesabu kilicho chake.
Kisha nikapita na bakuli: matatu, matatu, matatu,
na kila uso nilioupita ukaganda
kama maziwa yaliyokamuliwa ndimu.

"Lakini ni yangu!"
Ndiyo, ni yako.
"Kwani nimefanya nini?"
Umefanya kazi.

Watoto ishirini na wanne: sabini na mawili yalitakiwa.
Bakulini nilikuta sabini.
Eino akawa anatazama dari,
Eino ambaye wazee wake walitoka Ufini kuja kukata magogo,
na soksi yake ya kushoto ilikuwa na uvimbe.
Hawakumpeleka kortini. Walimwambia tu,
basi theluji ya mlangoni kwenu utaizoa mwenyewe, kwa kijiko.
Akavua kiatu.

Ikaja bajeti. Tulikuwa tumechora mji kwenye karatasi ya ukutani:
zimamoto, maktaba, zahanati, greda la theluji, mabomba.
Uwanja wa hoki ulipata maharage thelathini na moja.
Maji taka yakapata sifuri.
Sikubishana. Nilikwenda chooni nikabandika karatasi: KIMEZIBA.
Kabla ya kengele ya chakula
hoki ilikuwa imerudisha kumi na mawili.

Ndipo Waseya, ambaye hanyanyui mkono bila sababu,
akaunyanyua.
"Kwa bibi yangu, kaskazini, maji ya bomba hayanyweki.
Wanachemsha tangu sijazaliwa.
Bibi alisahau kuweka maharage?"

Nimesomea ualimu mara mbili, katika nchi mbili.
Nilisema: Hapana, hakusahau.
Nilisema: Bakuli linajua kuzunguka, halijui kufika.
Maneno mazuri. Nikaona usoni mwake kwamba hayachoti maji,
nikayafuta. Sijui, Waseya. Tuwaulize.
Tukaandika barua, ya kweli, yenye stempu,
makosa ya tahajia nikayaacha yaende nayo.

Jioni nikasimama kituoni, chini ya taa iliyolipiwa,
juu ya chumvi iliyolipiwa, kungoja basi lililolipiwa nusu,
nikiliwaza lile neno letu lenye milango miwili.
Kodi: anayodai mwenye nyumba mwezi ukiisha.
Kodi: inayodai serikali.
Waliotuachia lugha hawakuona haja ya kuzitenganisha.
Mwaka wa sita huu nazilipa zote mbili hapa,
na siku ya kura, ukumbi wetu wa mazoezi ukigeuzwa kituo,
mimi ndiye ninayepanga viti,
kisha natoka nje, maana karatasi zangu bado hazijafika huko.
Ninapanga chumba, ninapanga viti.
Nalo pia lina milango miwili.

Watoto hawajaniuliza bado.
Wataniuliza. Eino ataniuliza, huyo hasahau deni:
Mwalimu, na wewe mbona unatoa matatu?

Greda likatokea kwenye kona, taa ya manjano ikizunguka,
mamake Odile kwenye usukani, kofia hadi nyusi.
Akanipungia mkono, akaifagia barabara nzima
safi kama sinia la Idi,
na theluji yote ya mtaa
akaimwaga kituoni, ndani ya viatu vyangu.

Sikulalamika.
Nitalalamika kesho, kwa maandishi.