Dukani kwa Sabela, Kambados

Sabela hakutaja bei. Alisema: keti.
Nikaketi sakafuni, miguu mbele,
kama mtu aliyemo ndani ya kayaki,
wateja wakiniruka na mabuti yao
yenye tope la kome.

"Sasa zungusha."
Ufito wa futi kumi na mbili, alioniachia kaka Amaro,
ukagonga taa, ukaangusha kopo la chubwi.
Miambani huo ni mfalme; ukiketi, ni mzigo.
Ule mfupi mno nao haukufika omo:
samaki akikata kwenda upande wa pili
utamfuataje, utasimama?

Futi saba, basi. Kitako kifupi
kisichokwama kwenye jaketi la kuokolea.
Ncha laini, kiuno kigumu.

Nikatoa mfukoni rili ya Amaro.
Sabela akaiweka sikioni, akauzungusha mpini:
ikasaga meno, kama mtu aliyelala.
"Chumvi," akasema, "haibishi hodi."
Akanipa nyingine, ndogo, iliyozibwa kila tundu,
na kamba ya kuifunga kitini,
maana kayaki hupinduka bila kuaga.

Nililipa yuro tisini na nne.
Alfajiri, ukungu, kati ya vichanja vya kome,
robaliza akavuta, akapita chini ya omo,
na ncha ikamfuata, ikazunguka, ikapita.
Nikamkosa hata hivyo.

Jioni nikaiosha rili kwa maji ya bomba,
na ile ya Amaro pia,
isiyozunguka.