Herufi Nono

Jagoda alizichora jikoni, theluji ikianguka,
kwa kalamu nene iliyokaribia kukauka,
juu ya karatasi ya kufungia nyama.
Rula hakuigusa. Rula, alisema,
ni ya watu wanaouogopa mkono wao.

A ikatoka imeshiba, miguu kando.
B ikawa na matumbo mawili, na haya haina.
O ikafura, tundu lake dogo kama kitovu.
Na kwa kuwa huu ni mji wa Łódź,
jina la herufi nne, tatu zimejipamba,
Ł akaifunga kiunoni mshipi uliolegea,
Ę akaitia mkia wa mtoto wa nguruwe.
"Haya," akaiambia, "sasa wewe ni Mpolandi."

Hakuna iliyonyooka.
Ukizipanga mstarini zinasukumana
kama watoto wanaosubiri picha ya darasa.

Akaziuza kwa bei ya jozi ya viatu,
zikaingia mjini kutafuta kazi.
Zikapata: chupa za jamu ya plamu,
mlango wa chekechea,
dawa ya kikohozi, ili uchungu udhaniwe utamu.
Benki nayo ikaziajiri.
Jagoda akasoma neno RIBA lenye mashavu,
akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.
Mamba naye hutabasamu.

Mwezi wa Machi akaja Bibi Genowefa,
viatu vimelowa, mkononi tangazo la msiba.
Kule tanzia hubandikwa ukutani,
kingo nyeusi, herufi nyembamba, wima,
kama askari wa zamu.
"Nataka zile nono."
"Bibi, hizo ni za jamu."
"Miaka arobaini na mmoja
Zenon alikuwa akiamka saa tisa usiku
kukaanga maandazi ya jamu.
Unga ulikuwa kwenye nyusi hata siku ya harusi.
Hakuwahi kuwa mwembamba.
Usinikondeshee mume leo."

Jagoda akapanga: Z, E, N, O, N.
Kingo nyeusi zikambana tumboni;
akazisogeza nje, kidogo, kidogo tena.

Kisha akakwama.
Tanzia huanza na msalaba,
na katika herufi zake zote,
na alama za mshangao alizochora saba,
na nyota, na jordgubbar? Hapana, na stroberi,
msalaba hakuwa ameuwaza.

Akarudi jikoni, akatafuta ile kalamu.
Wa kwanza ulifanana na jumlisha.
Wa pili, ndege ya karatasi.
Wa tisa ukatoka mnene, butu pembeni,
umeinama kushoto kidogo,
kama mtu aliyetega sikio juu ya karai
kusikia kama mafuta yameanza kuimba.

Akauacha hivyo hivyo.
Asubuhi tarishi aliuona ukutani, akacheka,
akasoma, akavua kofia.