Huenda

Chumba chetu kiko ghorofa ya tatu, Ngara,
juu ya duka la miwani.
Dirisha tumeliziba kwa blanketi la kijivu.
Usiku wa manane, kompyuta ikikoroma,
namrudisha Waziri nyuma.

Rudi. Simama. Nenda.
Fimbo yake inagusa picha iliyopigwa kutoka angani:
duara sita nyeupe, mchanga, kivuli.
"Hili ni ghala la makombora," anasema,
kisha anakunywa maji.
Nimeyahesabu: mafunda matatu.

Taarifa aliyopewa tunayo, kurasa tisa,
kutoka kwa karani ambaye uso wake tumeutia ukungu.
Ukurasa wa nne, mstari wa pili kutoka chini:
*Huenda hili ni ghala la makombora.*

Neno moja, silabi tatu.
Lilipanda lifti ya wizara likiwa zima.
Halikushuka.

Huenda: labda.
Huenda: ndivyo wafanyavyo wana wa watu,
huenda, kwa malori, alfajiri, soksi mpya miguuni.
Lugha ilikwisha kutuonya
kwa neno lile lile moja,
nasi tukawa tunapiga makofi.

Okal alimpata Fundi Wechuli, Gikomba,
miwani ya kuchomelea kaisukuma kwenye paji.
Akaishika picha kwa vidole vya grisi,
akacheka mpaka akakaa chini.
"Haya matangi ni yangu! Yote sita!
Ya maziwa ya ngamia. Tazama hili la mwisho,
mfuniko niliukosea, umekaa upande.
Nililipwa nusu. Nusu ya pili naidai hadi leo."

Ukumbi utacheka hapo, najua.
Nimewapimia kicheko chao, sekunde nane,
ndipo namleta Kalekye wa Umoja,
mshona sare za shule,
aliyempa mwanawe jina Muthiani, kiongozi wa vita,
kwa sababu babu yake aliitwa hivyo
na jina la babu halikataliwi.
Hasemi kitu. Anapiga pasi shati la mwanamume,
kola, mikono, kola tena.

Lakini Wechuli hakuishia pale.
Alipangusa jasho, akasema polepole,
Okal akiwa keshaanza kukunja nyaya:
"Mimi nilitengeneza tangi.
Walichotia ndani baadaye, huenda ni maziwa.
Huenda si maziwa.
Sikuwepo."

Sekunde kumi na moja.
Nilizikata Jumatatu.
Wambeti, mwenye filamu, akanigusa bega:
"Umefanya vyema. Hizo ndizo wangetuzikia."
Nikaenda kulala. Usingizi ukakataa kuja.

Maana mkono uliokata ni huu,
na ule uliokata kule wizarani
huenda nao ulikuwa wa mtu kama mimi,
chai imempoa, bosi kasimama nyuma ya kiti,
mtu ajuaye hasa ni neno lipi
litakalomfanya mwingine asite mlangoni.

Na tulichokosa ni hicho tu, kusita.
Muthiani alistahili nchi inayosita.

Leo ni Alhamisi. Saa kumi alfajiri,
muadhini wa Pangani anakohoa kwenye kipaza sauti.
Nimezirudisha zote kumi na moja,
na jasho lake, na nyaya zake,
baada ya kicheko, kabla ya pasi.
Wambeti akija atafoka.
Huenda atazitoa.
Huenda watu watatoka ukumbini
wakiulizana kwenye ngazi, sasa mkweli ni nani,
na Waziri atalala vizuri usiku huo.

Kalekye ameniomba jambo moja.
Pale Muthiani anapofunga kamba za buti,
rafiki yake akimrekodi kwa simu,
anainua macho, mdomo unafunguka,
pale, mwanangu, usikate mapema.

Nimeiacha mpaka inakwisha yenyewe.