Nakala Ishirini na Tatu

Gundi ni uji wa muhogo; Kibwana kauunguza.
Chumbani Ngamiani, pazia limebanwa kwa vibanio vya nguo,
Mwanamkuu anashona kurasa kwa sindano ya magunia,
uzi wa mkonge, mgumu, unamkata kidole.

Mwenye fotokopi aliuliza, "Cha shule hiki?"
"Cha shule."
Ukurasa wa tano umetoka na kivuli cha dole gumba lake.
Tumeuacha hivyo hivyo.

Wangu ni ukurasa wa tisa. Neno moja:
anampenda.
Nani, nani? Kiswahili hakikuuliza.

Mama ndiye aliyeuliza,
alipokiokota kijitabu chini ya mto wangu:
"Binti wa wapi huyu, mwanangu?"
"Wa Chumbageni."

Chumbageni ni kweli.